Kampuni ya wakulima wenyewe: mwongozo kamili wa kuianzisha na kuifanya iwalipe wanyonge

Mkulima mwenye nusu eka anauza peke yake, anauza wiki ileile ambayo kila jirani anauza, na mara nyingi mzani unaopima mzigo wake ni wa yule anayenunua. Akitafuta mbolea anapimiwa kilo mbili tatu kwa bei ya rejareja. Ananunua ghali, anauza rahisi, na pengo lililo katikati linalisha watu wengine. Kampuni ya wakulima huanzishwa ili sehemu ya pengo hilo irudi shambani. Wenye hisa ni walewale wanaoleta mazao, na wao ndio wanaoiajiri menejimenti na kuifukuza.

Nimesema sehemu kwa makusudi. Dalali naye ana gharama: anasafiri, anakopesha, mzigo unamwozea, bei ikishuka hasara ni yake. Mkichukua nafasi yake mmechukua na mizigo yake. Kampuni nyingi huanza kwa kudhani kwamba fedha zote anazobaki nazo dalali ni za bure, kisha msimu wa kwanza ukiisha watu wanatazamana.

Hatua ya 1: Lifuateni gunia moja

Kabla ya mkutano wa kuchagua mwenyekiti, chagueni watu wawili wanaojua kuandika na kunyamaza. Walifuate zao lenu kutoka shambani hadi kwa mnunuzi wa mwisho wanayeweza kumfikia. Kila mahali wanaposimama waandike mambo manne: bei imekuwa kiasi gani, uzito umepungua kwa kiasi gani, nani amelipa gharama gani, na fedha imechukua siku ngapi kufika. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Mnunuzi wa bei nzuri anayelipa baada ya siku 60 anawaachia ninyi kazi ya kutafuta fedha za siku hizo 60, na riba yake inaweza kuila bei nzuri yote.

Wakirudi, tafuteni wanunuzi wawili, si mmoja. Waulizeni wanataka tani ngapi kwa mkupuo, daraja gani la ubora, na kitu gani kitawafanya waukatae mzigo. Usajili usubiri. Cheti cha usajili bila mnunuzi hukaa ukutani kikifubaa.

Wafugaji wa wilaya ya Kaira, katika jimbo la Gujarat nchini India, walianza hivyo. Maziwa yao yalikuwa yanapitia kwa mnunuzi mmoja aliyepewa haki ya pekee, na soko lilijulikana liko wapi: jiji la Bombay (leo Mumbai). Mwaka 1946, wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, wakaunda chama chao. Kilianza na vyama viwili tu vya vijiji na lita 247 za maziwa. Mhandisi Verghese Kurien alifika mwaka 1949 akawa meneja, na Amul, jina la biashara la maziwa ya chama hicho, likakua kutoka hapo. Angalieni mpangilio wake: shida inayojulikana, soko linalojulikana, kisha chama, kisha mtaalamu.

Hatua ya 2: Hesabu ya tani kabla ya hesabu ya wanachama

Hapa ndipo ningewaomba mkae muda mrefu kuliko kwingine kote. Tuseme mnunuzi analipa 100 kwa kilo (weka fedha ya kwenu). Mkulima mnamlipa 85. Magunia, upakiaji na usafiri vinakula 9. Kampuni inabaki na 6 kwa kila kilo.

Sasa jumlisheni gharama ambazo zipo hata msipouza kilo hata moja: mshahara wa meneja na mtunza ghala, pango, mlinzi, mkaguzi wa hesabu, simu, riba. Tuseme kwa msimu ni 1,800,000. Gawanyeni kwa 6: mnahitaji kilo 300,000, yaani tani 300, ndipo msipate hasara. Bado hamjapata faida hata senti.

Kama mwanachama wa kawaida ana kilo 600 za kuuza, tani 300 ni watu 500 wanaoleta kila kitu. Lakini hakuna mahali ambapo watu wote huleta kila kitu. Wakileta nusu na nusu nyingine ikaenda kwa dalali, mnahitaji watu 1,000. Hesabu hiyo ikiwatisha, zipo njia mbili za kweli: punguzeni gharama za kudumu (meneja wa msimu badala ya mwaka mzima, ghala la kukodi badala ya kujenga), au ungeni na vikundi vya jirani. Njia ya tatu, ambayo watu huipenda, ni kuomba mfadhili alipe mshahara wa meneja. Mkiichukua, mshahara huo uandikeni kwenye hesabu kana kwamba mnalipa wenyewe, ili siku mradi ukifungwa mjue pengo lina ukubwa gani. Msaada ni mzuri kwa mzani, kipima unyevu, turubai na mafunzo. Ukigeuka kuwa ndio unaolipa mishahara, ile si kampuni, ni mradi wenye jina la kampuni.

Hatua ya 3: Ushirika au kampuni?

Kila nchi ina sheria zake, na mtu wa kuwasomea sheria hizo ni wakili au ofisa wa usajili wa huko mliko. Tofauti ya msingi ni hii. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja na serikali huwa na mkono mrefu zaidi wa kusimamia. Katika kampuni ya kawaida kura hufuata hisa, maamuzi ni ya haraka, na mwenye fedha anaweza kununua sauti. Wakulima maskini wanahitaji wepesi wa kampuni bila ile hatari ya kununuliwa.

India ilitafuta katikati. Mwaka 2002 iliongeza katika sheria yake ya makampuni aina mpya, kampuni ya wazalishaji: wazalishaji 10 wanatosha kuianzisha, mwenye hisa lazima awe mzalishaji, mtu mmoja kura moja, na hisa haziuzwi kwa umma. Kenya ilikwenda njia ya ngazi: wakulima wadogo wa chai wana hisa katika makampuni ya viwanda vyao, na makampuni hayo ndiyo yanayoimiliki KTDA, wakala wa kuendeleza chai ya wakulima wadogo, iliyogeuzwa kutoka mamlaka ya serikali kuwa kampuni mwaka 2000. Ngazi huleta nguvu ya soko, lakini kila ngazi huongeza umbali kati ya mkulima na hesabu za fedha zake. Mkienda njia hiyo, wekeni kabisa haki ya mwanahisa wa chini kuona hesabu za juu.

Kama sheria yenu haina aina ya katikati, mnaweza kuiandika wenyewe ndani ya katiba ya kampuni. Vipengele ambavyo nisingekubali kuviacha:

- Hisa hushikwa na anayelima zao hilo tu, na haiuzwi kwa mtu wa nje bila idhini ya mkutano mkuu.
- Mtu mmoja kura moja, au angalau ukomo wa kura ambazo mtu mmoja anaweza kuwa nazo.
- Asiyeleta mzigo misimu miwili mfululizo bila sababu inayokubalika anapoteza kura, si hisa yake.
- Mjumbe wa bodi ana vipindi viwili, kisha anapumzika.
- Ziada hugawanywa zaidi kwa uzito wa mzigo ulioletwa, kidogo kwa hisa.

Kipengele cha mwisho ndicho moyo wa jambo lote. Mkigawa kwa hisa peke yake, baada ya miaka michache wenye hisa nyingi watataka mkulima alipwe kidogo ili gawio liwe nene, na mtakuwa mmemzaa dalali mpya, safari hii akiwa na muhuri.

Hatua ya 4: Mtaji unaoanzia mifukoni mwenu

Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, walikuwa watu 28, wakiwemo mafundi wa kufuma. Waliweka akiba ya senti chache kila wiki hadi wakafika pauni 28, wakafungua duka. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kila mmoja alikuwa na jasho lake ndani, kwa hiyo kila mmoja aliuliza maswali.

Hisa iwe ndogo kiasi kwamba maskini anaweza kuilipa, lakini isiwe ya bure. Njia inayofaa ni kukata kidogo kidogo kwenye kila mzigo: mtu analeta kilo 100, zinakatwa fedha za kilo 2, zinaandikwa kwenye kitabu chake cha hisa mbele yake. Baada ya misimu miwili mitatu amemaliza bila kuuza mbuzi. Fonterra, kampuni ya maziwa ya New Zealand iliyoundwa mwaka 2001, ilifunga hisa na kiasi cha maziwa anachopeleka mfugaji. Wazo hilo linatumika hata kwa wadogo: anayetumia kampuni zaidi, aichangie zaidi.

Mtaji wa hisa ni wa mzani, turubai, usajili. Fedha ya kununulia mazao ni jambo jingine, maana inahitajika nyingi kwa wiki chache. Hiyo hukopwa kwa msimu, dhamana ikiwa mkataba wa mnunuzi au stakabadhi ya ghala lililosajiliwa. Msikope kununulia mazao kwa nia ya kusubiri bei ipande. Hiyo ni kamari, na mnacheza kwa fedha za watu ambao hawawezi kupoteza.

Hatua ya 5: Mzani, unyevu, kitabu

Mkulima hawezi kuzisoma hesabu za mwaka, lakini mzani anausoma. Kuapa Kokoo, chama cha wakulima wa kakao wa Ghana kilichoanza mwaka 1993 baada ya ununuzi wa ndani kufunguliwa kwa watu binafsi, kilipata wanachama kwa sababu rahisi: wanunuzi wao walichaguliwa na wanakijiji wenyewe na mzani haukuchezewa. Kabla ya kushawishi mtu kwa semina, mshawishini kwa mzani.

Kwa hiyo kila kituo cha kukusanyia kiwe na jiwe la uzito unaojulikana, na mkulima yeyote awe na haki ya kuliweka mzanini kabla ya mzigo wake. Stakabadhi iwe na nakala mbili: uzito, unyevu, daraja, kiasi cha kulipwa. Anayepima asiwe anayelipa. Anayelipa asiwe anayeandika daftari kuu. Watu watatu, hata kama wawili wanalipwa posho ya siku tu.

Unyevu ndio mwizi asiyeonekana. Nafaka za unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13, kila kilo 100 hubaki kilo 94.25 hivi. Rudini kwenye hesabu yetu: mmelipa 85 kwa kilo, mmetumia 9, na kilo ile imewapa 94.25 badala ya 100. Zile 6 zenu zimebaki 0.25 tu. Mzigo wote umepimwa kwa haki, hakuna aliyeiba, na kampuni imefanya kazi bure. Nunueni kipima unyevu kabla ya kununua kiti cha ofisini, na mzigo mbichi ama urudishwe ukaanikwe, ama ulipwe kwa uzito wake mkavu kwa jedwali lililobandikwa mlangoni.

Hatua ya 6: Siku ya malipo

Watu hulaumu wanachama wanaouzia pembeni kwamba hawana uaminifu. Wengine ni kweli. Wengi wana mtoto anayeumwa. Dalali analipa taslimu saa ile ile, ninyi mnalipa baada ya wiki tatu, na ugonjwa hausubiri kikao cha bodi.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, malipo ya awali siku ya kupokea mzigo, tuseme asilimia 70 ya bei inayotarajiwa, na mengine mzigo ukishauzwa. Msiahidi bei ambayo hamjaiona. Bei ikiyumba, hiyo asilimia 30 ndiyo kinga yenu. Pili, mfuko mdogo wa dharura ambao mwanachama anakopa humo na kukatwa kwenye mzigo wake. Tatu, ruhusa ya wazi ya kuuza sehemu nje. Mwambieni mtu alete angalau nusu, muweke maandishi, na muisimamie nusu hiyo kwa ukali. Sharti la kuleta vyote huvunjwa na kila mtu, na sharti linalovunjwa na kila mtu linaharibu mengine yote.

Tarehe ya malipo ya pili ikitangazwa, iwe imetangazwa. Kama fedha haijafika, bodi iende vituoni kabla ya tarehe hiyo, isimame, iseme kwa nini. Ukimya wa siku tano huwapeleka watu kwa dalali kwa miaka mitano.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo mavuno

Huenda mmeshangaa kwamba mbegu na mbolea zimechelewa kutajwa. Mavuno yakiongezeka kijiji kizima bila mlango mpya wa kuuzia, bei ya hapo hapo huanguka, na mkulima amebeba magunia mengi zaidi kwa fedha ileile. Mlango ukishafunguka, tija inalipa.

Chagueni badiliko moja kwa msimu. Mara nyingi badiliko lenye faida kubwa halina bei: kupanda mapema mvua zinapoanza kunyesha kwa uhakika, nafasi sahihi kati ya mashina, kupalilia mara ya kwanza kwa wakati. Halafu mbegu bora. Halafu mbolea, baada ya kupima udongo, maana mbolea juu ya udongo wenye asidi kali ni fedha iliyomwagwa. Shamba la mfano liwe la mwanachama wa kawaida, tena mwenye ardhi ya kawaida. Shamba la mwenyekiti halimshawishi mtu.

Pembejeo nunueni kwa pamoja kwa oda zilizolipiwa angalau theluthi. Mkopo wa pembejeo usizidi kile ambacho nusu ya mavuno ya mtu katika mwaka mbaya inaweza kulipa. Hesabu hiyo inakera wauzaji wa mbolea, lakini ukame ukija wanachama wenu hawatakimbia kampuni kwa kuogopa deni.

Hatua ya 8: Maskini hasa, yuko ndani au nje?

Kampuni nyingi za wakulima huishia kuwa za wakulima wa kati. Hakuna anayekusudia, inatokea tu. Mikutano inafanyika saa ambazo wanawake wako jikoni na visimani. Kiwango cha chini cha kupokea ni gunia zima. Fomu inaomba hati ya ardhi, na anayekodi shamba hana. Kitabu kina jina la mume, na mke ndiye aliyelima.

Yarekebisheni moja moja. Pokeeni hata kilo 10. Kubalini wanaokodi mashamba kwa ushahidi wa majirani wawili. Ruhusuni majina mawili kwa kaya moja, kila mmoja na stakabadhi zake na simu yake ya malipo. Wekeni kituo mahali ambapo mtu anayebeba kichwani anaweza kufika. Kisha kila msimu mhesabu: robo ya wanachama wenye mizigo midogo kabisa, wangapi wameleta tena? Namba hiyo ikishuka, kampuni inawapoteza watu ambao ilisema imeanzishwa kwa ajili yao, hata kama tani zinapanda.

Hatua ya 9: Meneja na bodi

Kwa ufupi. Meneja aajiriwe kwa tangazo, asiwe ndugu wa mjumbe, alipwe mshahara wa kumzuia asitafute pembeni. Bodi iamue bei, mikopo na wanunuzi. Isipime mzigo wala kushika fedha. Sahihi mbili kwenye kila malipo makubwa. Mkaguzi wa nje kila mwaka, na taarifa yake isomwe kwa sauti mkutanoni kwa lugha ya watu, ikianza na jambo moja: tulinunua tani ngapi, tuliuza tani ngapi, tofauti ilikwenda wapi.

Hatua ya 10: Ziada, tamaa ya kiwanda, na anayeondoka

Ziada ya kwanza huleta wazo la kiwanda. Subirini. Kuosha, kupanga madaraja na kufungasha huongeza bei kwa mtaji mdogo. Mashine hudai tani za kuilisha hata mwaka wa ukame. Pia kumiliki hisa si sawa na kushika usukani. Kuapa Kokoo ilishiriki kuanzisha kampuni ya chokoleti mjini London mwaka 1998, inayojulikana leo kama Divine, na ikafika kumiliki asilimia 45. Ni mafanikio makubwa kwa wakulima wa kakao. Hata hivyo mwaka 2020 hisa nyingi zilikwenda kwa kampuni ya Ujerumani, Weinrich. Kila mtaji mpya kutoka nje huomba kiti mezani, kwa hiyo kabla ya kusaini ulizeni baada ya miaka kumi viti vitakuwa vya nani.

Kuhusu mgawo, mimi ningeweka sehemu ya akiba kwanza, hadi ifikie gharama za kudumu za msimu mzima. Inayobaki ilipwe kwa kilo, na gawio dogo la hisa lenye ukomo.

Na anayeondoka? Mtu anazeeka, anahama, anafariki. Hisa yake ni ya familia yake, lakini kampuni haiwezi kurudisha fedha za watu mia siku moja. Fonterra yenyewe ilibadili mfumo wake mwaka 2012 ili wafugaji wauziane hisa wao kwa wao, kwa sababu ya hatari ya kulazimika kuwarudishia wengi kwa mkupuo. Kwenu iandikwe hivi: hisa ya anayetoka inunuliwe kwanza na mkulima mwingine, asipopatikana, kampuni inairudisha kwa awamu ndani ya miaka mitatu, kwa thamani iliyoandikwa, na mrithi anayeendelea kulima anaichukua bila malipo yoyote. Jina la mrithi liwe limejazwa tangu siku ya kujiunga, kwa mkono wa mwanachama mwenyewe au kwa dole gumba lake, mashahidi wawili wakiwa wameketi hapo.